Kukubali Kutunzwa

Kila ninapoombwa kueleza jinsi nilivyomtumaini Mungu katika miaka ya ugonjwa wa mume wangu, huwa naona kwamba aliyeniuliza anatazamia habari za nguvu: maombi ya usiku kucha, moyo usiotikisika, na tabasamu lisilofutika mbele ya kila jambo. Habari za namna hiyo sina. Nilicho nacho ni ushuhuda wa mtu aliyeishiwa nguvu mapema kabisa, ambaye imani yake kwa kipindi kirefu ilikuwa zaidi ni mambo aliyofanyiwa kuliko mambo aliyoyafanya. Nimekuja kuamini kwamba kumtumaini Mungu wakati wa kulemewa ni, kwa sehemu kubwa, kukubali kutunzwa; na kwamba jambo hilo, ingawa linasikika jepesi, laweza kuwa gumu kuliko kufunga na kukesha, hasa kwa sisi tuliozoea kuwatunza wengine.

Mume wangu alikuwa na shinikizo la juu la damu kwa miaka mingi bila kulihisi, kama ilivyo kwa watu wengi wenye hali hiyo. Figo nazo hazina desturi ya kulalamika mapema. Daktari alitueleza kwamba mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa figo zake pasipo maumivu yoyote, na kwamba dalili zinapojitokeza waziwazi, yaani miguu kuvimba, kichefuchefu, uchovu usioisha na pumzi kuwa nzito anapolala chali, mara nyingi uharibifu umekwisha kuwa mkubwa. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Tuliingia hospitalini tukidhani tunakwenda kutafuta dawa ya uvimbe, tukatoka na ratiba ya maisha mapya: mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne hivi kila mara, damu yake itolewe mwilini kwa mpira, ipitishwe katika kichujio cha mashine, kisha irudishwe ikiwa imepunguzwa taka na maji ya ziada. Mashine haiponyi figo. Inafanya sehemu ya kazi yake tu, na siku inapokosekana, kazi hiyo haifanyiki. Kuhusu kupandikizwa figo nyingine, ndugu waliojitolea walipimwa, na kwa sababu mbalimbali za kiafya hakuna aliyefaa.

Ugonjwa huo peke yake ungetosha kuijaza nyumba. Hata hivyo, kabla hatujaizoea ratiba ya hospitali, mama yangu mzazi alifariki, na baada ya msiba huo, mahali nilipokuwa nimeajiriwa pakapunguza wafanyakazi, nami nikawa miongoni mwa walioachishwa. Watoto wetu walikuwa bado katika umri wa kuulizwa kila jioni kama wamemaliza kazi za shule. Nataka nieleze jambo moja kuhusu kulemewa ambalo sikulijua mpaka liliponipata: si uzito wa kila jambo unaomwangusha mtu, bali ni vile kila jambo linavyomdai mtu nafsi yake yote kwa saa ileile. Mgonjwa anakutaka mzimamzima, maiti anakutaka mzimamzima, mtoto mwenye homa anakutaka mzimamzima, nawe huwezi kugawanyika. Siku ya mazishi ya mama yangu iliangukia siku ya mashine. Niliomboleza huku nikitazama saa.

Katika kipindi hicho nilijaribu kusoma Maandiko kwa utaratibu niliouzoea tangu ujana, sura kwa sura, na macho yakawa yanapita juu ya maneno bila kuyashika. Sura iliyonishika ilikuwa ile ya 19 katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, na ilinishika kwa sababu ilinishangaza. Nabii Eliya ametoka kuushinda mkusanyiko wa manabii wa mungu Baali pale mlima Karmeli. Yamkini huo ndio ushindi mkubwa kuliko wote katika utumishi wake. Mara anapelekewa vitisho na malkia Yezebeli, anakimbia hadi Beersheba, anamwacha mtumishi wake huko, anakwenda mwendo wa siku moja jangwani, anaketi chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. “Yatosha,” anasema. Nilifahamu vizuri sana maana ya neno hilo, kwa kuwa nilikuwa nimelisema mwenyewe, kwa sauti ndogo, nikiwa ndani ya choo cha hospitali, mahali pekee palipokuwa na mlango wa kufunga.

Kilichonishangaza ni namna Mungu alivyomjibu. Hakumkemea kwa kukata tamaa, wala hakumkumbusha ushindi wa juzi, wala hakumpa somo juu ya imani. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa na kumwambia ainuke ale, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa pamoja na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena, na malaika hakumkataza kulala tena. Akaja mara ya pili, akamgusa, akasema: “Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako.” Maneno hayo nimeyarudia mara nyingi kuliko andiko lolote lingine. Mungu mwenyewe ndiye anayekiri kwamba safari ni kubwa mno kwa mtu wake. Hamwambii kwamba ana nguvu za kutosha ila hajazigundua, kama tunavyopenda kuambiana siku hizi. Anamwambia kwamba safari imemzidi, na kwa sababu hiyo anamlisha. Mazungumzo ya Mungu na Eliya, pamoja na lile swali la kwamba anafanya nini huko, yanakuja baadaye, akiwa amekwisha kutembea siku 40, mchana na usiku, hadi Horebu, mlima wa Mungu. Usingizi na chakula vilitangulia maswali.

Yule aliyetumwa kwangu hakuwa malaika. Alikuwa wifi yangu. Alifika bila taarifa akiwa na begi moja, akaniangalia kwa muda mfupi pale mlangoni, akasema, “Wifi, nenda ukalale, mimi nipo.” Kwa kawaida ningemkatalia, kwa heshima lakini kwa uthabiti, maana nimelelewa katika mawazo kwamba mwanamke mwenye nyumba halali huku mgeni akiosha vyombo vyake. Siku ile sikuwa na nguvu hata za kukataa. Nililala mpaka nikaamka bila kujua kama ni asubuhi au jioni, nikakuta watoto wamekwisha kuoga, na mume wangu amepelekwa hospitali na kurudishwa. Wifi yangu hakuwa mtu wa kunukuu maandiko, na hadi leo akiombwa kusali mbele za watu huona haya. Lakini nilipoketi kitandani nikisikia sauti yake jikoni, nilielewa kwamba maombi yangu ya wiki kadhaa, ambayo nilidhani hayajajibiwa, yalikuwa yamejibiwa kwa mtu mwenye begi.

Tangu hapo nilianza kuona jinsi Biblia inavyosisitiza jambo hili. Katika Hesabu sura ya 11, Musa anamwambia Mungu kwamba hawezi kuwachukua watu wale wote peke yake, na kwamba kama ndivyo atakavyotendewa, basi ni heri auawe. Mungu hakumwongezea Musa misuli. Alimwagiza akusanye wazee 70, akatwaa sehemu ya Roho iliyokuwa juu ya Musa na kuiweka juu yao, ili wauchukue mzigo pamoja naye. Vivyo hivyo katika vita na Amaleki, ambapo mikono ya Musa ilichoka, na Haruni na Huri wakamketisha juu ya jiwe na kuitegemeza, huyu upande huu na huyu upande huu, mpaka jua likachwa. Ninapenda kwamba andiko halioni aibu kutaja jiwe la kukalia. Mtu mkubwa wa Mungu alihitaji kiti.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona waumini wengi, hasa akina mama, wakiutaja utunzaji wa Mungu kwa midomo huku wakiukataa kwa mikono. Tunaimba kwamba tunamtwika Bwana fadhaa zetu, na jirani akija kutusaidia tunasema, “Hapana, asante, tuko sawa tu.” Kwa maoni yangu, hiyo si unyenyekevu. Ikiwa, kama Petro anavyoandika, tunamtwika yeye fadhaa zetu kwa kuwa yeye “hujishughulisha sana kwa mambo yenu,” basi hatuwezi kumpangia kwamba ajishughulishe kwa njia zile tu ambazo hazitatufanya tuonekane wahitaji.

Mashine nayo ilinifundisha jambo ambalo nilikuwa nimelisikia likihubiriwa tangu utotoni bila kulielewa. Mgonjwa wa figo hawezi kujiwekea akiba ya kusafishwa damu. Hawezi kukaa kwenye kiti kwa saa kumi na mbili Jumatatu ili asirudi tena wiki nzima. Taka na maji vitaanza kujikusanya upya tangu saa anapotoka mlangoni. Anachopata ni cha kumfikisha mara inayofuata tu. Hata maji ya kunywa hupimwa, na mume wangu alijiwekea chupa moja ambayo ikiisha, imekwisha, hata kama ni mchana wa joto na wengine wote tunakunywa. Mwanzoni maisha hayo yalinitisha kuliko ugonjwa wenyewe. Mimi ni mtu wa kupanga. Napenda kujua mwaka ujao utakuwaje. Sasa nilikuwa naishi katika nyumba ambayo uhai wake ulihesabiwa kutoka Jumatatu hadi Jumatano, na kutoka Jumatano hadi Ijumaa.

Ndipo habari za mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, katika Kutoka sura ya 16, zilipoacha kuwa hadithi ya watoto. Kila mtu aliokota pishi moja kwa kichwa. Aliyeokota vingi hakubakiwa na ziada, na aliyeokota vichache hakupungukiwa. Waliojaribu kuweka akiba hadi asubuhi waliikuta ina mabuu na uvundo, isipokuwa siku ya sita, walipoagizwa kukusanya maradufu kwa ajili ya Sabato. Nilikuwa nikisoma habari hizo kana kwamba zinahusu uroho. Sasa naona zinahusu hofu. Watu wale walikuwa wametoka utumwani, jangwani hapakuwa na ghala, na hakuna mzazi anayetazama watoto wake wamelala bila kitu cha kesho asiyeshawishika kuficha kidogo. Mungu hakuwa akiwanyima. Alikuwa akiwafundisha kulala usingizi pasipo akiba. Yesu anapowafundisha wanafunzi wake kuomba riziki ya leo, na tena anaposema, “Yatosha kwa siku maovu yake,” anazungumza kwa namna ileile. Sidai kwamba niliacha kupanga. Tulipanga bajeti, tuliuza vitu, tulijaza fomu. Nilichoacha ni kuomba niwe na nguvu za mwaka mzima kwa mkupuo, kwa kuwa niligundua kwamba nguvu hizo hazitolewi kwa jumla.

Usiku ulikuwa na tabu yake. Mchana una kazi, na kazi hubana mawazo. Lakini saa nane za usiku kila deni lina sauti. Nilikuwa nikiamka kusikiliza pumzi za mume wangu, kwa kuwa maji yakizidi mwilini huweza kuingia katika mapafu, na tangu nilipoelezwa hivyo niligeuka mlinzi wa kifua chake. Sikusaidia chochote kwa kulinda hivyo. Aliyekuwa akipima uzito wake na kuamua kiasi cha maji ya kutolewa alikuwa muuguzi, tena kwa hesabu, si kwa kusikiliza gizani. Zaburi ya 127 inasema kwamba ni kazi bure kuamka mapema na kukawia kulala, na kwamba Mungu humpa mpenzi wake usingizi. Basi nikaanza kufanya jambo moja ambalo huenda likaonekana la kitoto. Kabla ya kulala nilikuwa namwambia Mungu, kwa maneno ya kawaida, kwamba zamu yangu imekwisha na yake inaendelea. Kuna siku nililala mara moja. Kuna siku nilikaa macho hata baada ya kusema hivyo. Lakini niliendelea kuyasema, na ninadhani kulala huku mambo hayajatatuliwa ni tendo la imani ambalo halihesabiwi sana katika mahubiri. Kristo mwenyewe alilala juu ya mto katika shetri, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, huku mawimbi yakiingia ndani, na wale waliomwamsha walimuuliza swali ambalo kila aliyelemewa amewahi kumuuliza: je, si kitu kwako kuwa tunaangamia?

Swali hilo linanipeleka kwenye malalamiko. Nilikulia katika mazingira ambayo mtu wa imani hakupaswa kumlalamikia Mungu, na kwa hiyo kwa muda nilimwomba kwa lugha ya adabu huku moyoni nikiwa na mambo mengine kabisa. Mchungaji wetu ndiye aliyenifungulia njia, naye alifanya hivyo bila hotuba. Alikuja kunitembelea, akaketi, akasikiliza, akaniuliza ninasoma nini, nikamjibu kwamba siwezi kusoma kitu. Akaniambia, “Basi mama, soma Zaburi ya 88, halafu usilazimishe kuongeza kitu mwishoni.” Nilipoisoma nilielewa kwa nini alitoa angalizo hilo. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mahali fulani kuelekea sifa. Ile ya 13, kwa mfano, inaanza kwa kuuliza “hata lini” mara nne katika aya mbili za mwanzo, lakini inamalizika kwa kumwimbia Bwana. Zaburi ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu, inalia mchana na usiku, na inaishia gizani. Na bado imo katika kitabu cha maombi cha watu wa Mungu, imehifadhiwa, imenakiliwa, imesomwa vizazi na vizazi. Mtu aliyeiandika hakuwa ameacha kumtumaini Mungu. Kama angekuwa ameacha, angenyamaza au angekwenda kumlalamikia mwingine.

Kuanzia hapo maombi yangu yalibadilika, yakawa mafupi na ya kweli. Nilimwambia kwamba nina hasira. Nilimwambia kwamba namkumbuka mama yangu na kwamba sikupata nafasi ya kumlilia. Mara nyingi sikuwa na zaidi ya sentensi ya yule baba katika Injili ya Marko, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,” ambayo naiona kuwa mojawapo ya maombi yaliyokamilika kuliko yote katika Biblia, kwa kuwa inakabidhi hata upungufu wa imani kwa yule anayeaminiwa.

Si wote waliokuja kutufariji waliketi na kusikiliza. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri kwa siku saba mchana na usiku, wakiwa wameketi naye chini bila kusema neno. Matatizo yalianza walipofungua vinywa, na mwishoni mwa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelia na kuhoji. Sisi tulipata wenye kusema tangu siku ya kwanza. Niliambiwa mara nyingi kwamba Mungu hampi mtu mzigo unaozidi nguvu zake. Ninajua msemo huo unatokana na andiko la Paulo kwa Wakorintho, lakini pale Paulo anazungumzia majaribu yanayomvuta mtu atende dhambi, na anaahidi mlango wa kutokea. Kuhusu mzigo wa mateso, Paulo huyohuyo, katika waraka wake wa pili kwa kanisa hilohilo, anasema waziwazi kwamba huko Asia walilemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi, na kwamba jambo hilo liliwapata ili wasijitumainie nafsi zao, bali wamtumaini Mungu awafufuaye wafu. Maneno hayo yalinifariji kwa sababu yaliniruhusu kuwa niliyezidiwa bila kuwa niliyeachwa.

Wengine walikwenda mbali zaidi, wakamshauri mume wangu aache mashine ili aonyeshe imani. Hapa sitatafuta maneno laini: ushauri huo unaua. Mtu ambaye figo zake zimekoma kufanya kazi akiacha kusafishwa damu, kwa kawaida hubakiwa na siku au wiki chache. Mume wangu, ambaye si msemaji, alimjibu mmoja wao kwa habari za Hezekia. Mfalme yule aliugua karibu kufa, akalia, na Mungu akamtumia Isaya kumwahidi uponyaji na miaka 15 zaidi ya kuishi. Ahadi ilitoka kinywani mwa Mungu moja kwa moja. Na hata hivyo, aya inayofuata inasema Isaya aliagiza uletwe mkate wa tini ukawekwa juu ya jipu. “Ndugu yangu,” mume wangu alisema, “mimi tini zangu zina umeme.” Mgeni hakucheka, lakini mimi nilicheka, na nakumbuka nilishangaa kusikia sauti ya kicheko changu.

Imani ya mume wangu haifanani na yangu. Mimi nilihitaji kuelewa. Yeye alihitaji tu kunyosha mkono. Wapasuaji walikuwa wameunganisha mshipa wa ateri na wa vena katika mkono wake wa kushoto ili damu ipite kwa wingi, na kila anapoketi kwenye kile kiti humpa muuguzi mkono huo, huchomwa sindano mbili nene, moja ya kutolea damu na nyingine ya kuirudisha, kisha hukaa akitazama damu yake mwenyewe ikizunguka nje ya mwili. Nilimuuliza siku moja huwa anawaza nini. Akaniambia kwamba mwanzoni alikuwa akihesabu dakika, na baadaye alianza kuwataja mbele za Mungu, mmoja mmoja, watu wote ambao kazi yao ilihitajika ili yeye aketi pale: mfua shuka, fundi wa mashine, anayesafisha maji yanayotumika kwenye mashine, muuguzi aliyeacha mtoto wake nyumbani alfajiri. Alisema orodha hiyo haijawahi kuisha kabla ya saa nne kwisha. Nilikuwa nimedhani kwamba mimi ndiye mwalimu wa imani katika ndoa yetu.

Yapo ambayo hayakuja. Figo hazikurudi, ingawa tuliliombea jambo hilo kwa bidii na watu waliotupenda walifunga kwa ajili yake. Kazi niliyopata baadaye haina mshahara wa ile ya kwanza. Mama yangu hayupo. Watu hunitumia mara kwa mara aya ya 11 ya Yeremia 29, ile ya mawazo ya amani na tumaini siku za mwisho, nami naipokea kwa shukrani, lakini huwa naisoma pamoja na aya zinazoizunguka. Ni barua kwa watu waliohamishwa Babeli. Aya iliyotangulia inasema watakaa huko miaka 70, maana yake ni kwamba wengi wa watu wazima walioisikia barua hiyo ikisomwa wangezikwa hukohuko. Na juu yake zaidi wanaagizwa wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuolewa. Mungu aliwatunza kwa kuwapa maisha ndani ya uhamisho, kabla ya kuwapa njia ya kutoka. Nasi tumejenga maisha kuzunguka mashine. Watoto wamejifunza kufanya kazi zao za shule katika ukumbi wa kusubiri, na mkubwa anasema kelele za nyumbani sasa humsumbua kuliko za pale.

Hivi karibuni, katika ukumbi huohuo, aliketi karibu nami mwanamke ambaye mumewe alikuwa akiwekwa kwenye mashine kwa mara ya kwanza. Alikuwa na karatasi nyingi mapajani na alizipanga upya kila baada ya dakika chache. Muuguzi, ambaye anatufahamu, alikuwa amemwambia kwamba mimi ni mtu wa kanisa. Akanigeukia akasema, “Dada, nifundishe namna ya kuomba katika jambo hili, maana mimi nimeishiwa maneno.” Nilimuuliza amekula saa ngapi. Hakukumbuka. Nikamuuliza nani yuko na watoto, akasema wamefungiwa ndani na wanajua kutofungua mlango. Nikamuuliza ana ndugu gani karibu. Akanitajia dada yake, akaongeza haraka kwamba hapendi kumsumbua kwa kuwa naye ana mambo yake. Nilimwomba simu, akasita, kisha akabonyeza namba mwenyewe na kunipa niongee. Dada yake aliuliza maswali mawili tu, hospitali ipi na funguo ziko wapi, akakata simu. Nilimletea yule mama chakula, nikakaa naye mpaka akamaliza. Kusali tulisali baadaye, kwa maneno machache na bila kufumba macho, kwa sababu mumewe alikuwa amekwisha kutolewa kwenye mashine, na alikuwa anauliza kwa sauti ya juu viatu vyake vimewekwa wapi.